Meniskasi imechanika: nikatwe, nishonwe au niliache goti lilivyo?

#1 Winga wa Tabata

Wakuu habari za jioni.

Nina miaka 41, nacheza mechi za maveterani kila Jumamosi. Miezi mitatu nyuma nilipokea mpira, nikataka kumgeuka beki. Mwili ukageuka, mguu wa kulia ukabaki umekita mchangani. Nikasikia "tak" ndani ya goti, kama mtu kavunja kijiti cha kuchokonolea meno. Nikamalizia kipindi nachechemea (ujinga, najua). Asubuhi yake goti lilikuwa kama papai.

Nikapiga eksirei, nikaambiwa mifupa iko salama, nikapewa dawa za maumivu na dawa ya kuchua. Mwezi wa pili ndipo nikafanya MRI. Majibu: meniskasi (ule mto laini kati ya mifupa ya goti) ya upande wa ndani, pembe ya nyuma, mpasuko wa wima. ACL, ile kano ya katikati ya goti, nzima.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Daktari wa kwanza kasema anaingia na kamera, anakata kipande kilichochanika, baada ya mwezi nipo kazini. Wa pili kaitazama CD ile ile ya MRI, akasema kukata ni kuniharibia goti, yeye atashona. Ila wiki sita natembea na magongo, na mpira nisahau miezi sita. Mimi nasambaza vinywaji, kupanda na kushuka kwenye kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) siku nzima. Wiki sita za magongo ni kufunga biashara.

Djokovic wa tenisi alichanika meniskasi Paris mwanzoni mwa Juni 2024, akapasuliwa, katikati ya Julai yuko fainali ya Wimbledon. Mimi miezi sita ya nini?

Mliopitia njia hii naombeni uzoefu.

#2 Chuma cha Pua

Naweka kigoda hapa. La kwangu la kushoto linalia kama geti la shule.

#3 Shemeji Original

Pole mkuu. Tofauti yako na Djokovic ni kwamba yeye hana kirikuu. Halafu hiyo fainali alipigwa na Alcaraz, kwa hiyo usimtumie kama ushahidi.

#4 Mwana wa Kilosa

Shemeji, malizia stori. Agosti 4 alimfunga Alcaraz huyo huyo akachukua dhahabu ya Olimpiki, tena uwanja ule ule wa Paris alikoumizia goti. Hakuna cha kumsingizia.

#5 Fundi Shokapu

Mimi fundi magari, nitaongea kifundi. Meniskasi ni bushi. Bushi ikichanika hushoni, unabadilisha. Ukikata kipande ukaacha kingine, chuma kitagonga chuma. Anayekwambia atakata anakuandalia safari ya pili gereji.

#6 Beki Mstaafu

Fundi kasema kweli bila kujua. Mwaka 1996 nikiwa na miaka 22 waligundua hii hii. Enzi hizo nilikopasuliwa hapakuwa na kamera, walinifungua goti, wakaitoa meniskasi YOTE. Kovu lipo hadi leo, refu kama kidole cha kati. Miezi mitatu baadaye nilikuwa uwanjani nakaba watu, nikawa namsifu daktari kila kijiwe.

Leo nina miaka 50 ushee. Mguu umepinda matege, ngazi nashuka kinyumenyume kama naingia kisimani, na eksirei ya mwaka juzi inaonyesha mfupa umekalia mfupa. Nasubiri goti bandia. Winga, goti lililokatwa halikudai siku hiyo hiyo. Linakuandika daftarini.

#7 dr_nusukaputi

Nianze kwa kutubu: mimi si wa mifupa, ni daktari wa usingizi. Ila nimekaa kichwani mwa wagonjwa wengi wa skopu ya goti (upasuaji wa kuingiza kamera), na mule ndani tunaangalia wote kwenye skrini moja.

Beki, ulichofanyiwa kilikuwa kawaida duniani kote kwa miaka mingi. Meniskasi ilionekana kama kinyama kisicho na kazi. Mwingereza Fairbank aliandika mwaka 1948 kwamba magoti yaliyotolewa meniskasi yanabadilika kwenye eksirei, mfupa unajenga ukingo, nafasi inapungua. Ilichukua miongo watu kumsikiliza.

Sasa Winga. Neno "upasuaji" ndilo linalokuchanganya, kwa sababu daktari wako wa kwanza na wa pili hawazungumzii operesheni moja.

Meniskasi ina umbo la herufi C, kila goti lina mbili. Ukingo wa nje, takribani theluthi moja, una mishipa ya damu. Kadiri unavyoingia katikati damu inaisha, theluthi ya ndani kabisa haina. Palipo na damu, uzi unaweza kushika na pakaunga. Pasipo na damu unashona kitambaa kilichokufa. Basi, sehemu kubwa ya ubishi wa madaktari wako iko hapo: mpasuko wako uko umbali gani kutoka ukingoni?

Na Djokovic: aliyekatwa kipande hana kitu cha kusubiri kiunge. Jeraha ni matundu mawili ya ngozi, uvimbe ukiisha anatembea. Aliyeshonwa anasubiri kiungo kiote. Sijasoma faili lake, ila kurudi ndani ya wiki nne au tano si ratiba ya goti lililoshonwa.

#8 Shemeji Original

Daktari wa usingizi anatuamsha. Endelea mkuu.

#9 Mwana wa Kilosa

Mfano wa njia zote mbili kwa mtu mmoja ni Derrick Rose, mcheza kikapu wa Chicago Bulls. Novemba 2013 goti la kulia, meniskasi ya ndani, wakashona, msimu ukaishia hapo. Februari 2015 ikachanika tena, safari hii wakakata kipande, Aprili hiyo hiyo akarudi. Na Dwyane Wade, naye wa kikapu, alitolewa meniskasi akiwa chuoni mwaka 2002, akaja kupata ubingwa mara tatu, lakini magoti yalimsumbua hadi anastaafu.

#10 Msee wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nilishonwa, nikiwa na miaka 29. Wiki sita magongo, nikafuata kila kitu, hata mke alinisifu. Mwezi wa tisa niko sawa, nakimbilia feri ya asubuhi pale Likoni, si mnajua vile watu hushuka ule mteremko kama mbuzi wamefunguliwa. Mguu ukateleza, tak. Ile ile. Nikarudi mezani, wakakata kile walichoshona.

Kwa hivyo nimelipa mara mbili na meniskasi sina. Ningekatwa mara ya kwanza ningeokoa mwaka mzima. Mnaosema kushona ni dawa, hesabuni na sisi.

#11 dr_nusukaputi

Msee pole. Na uko sahihi, si wewe peke yako. Ukifuatilia walioshonwa kwa miaka mitano na kuendelea, karibu mmoja kati ya wanne au watano inamshinda. Anayekuuzia kushona bila kukwambia hilo hajakwambia bei yote.

#12 Fizio wa Mtaa

Mbona hamjamuuliza swali la kwanza? KWA NINI apasuliwe kabisa?

Mimi mtaalamu wa fiziotherapia, mwaka wa kumi na moja. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Framingham, Marekani: watu 991 wa miaka 50 hadi 90, hawakuchaguliwa kwa sababu ya magoti, wakapigwa MRI. Kati ya waliokutwa na meniskasi iliyochanika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala ugumu wa goti mwezi uliotangulia. Yaani wamechanika na wanakwenda sokoni.

Wafini nao mwaka 2013 walichukua watu 146 wa miaka 35 hadi 65. Nusu wakakatwa kipande, nusu wakachanjwa ngozi tu wakafungwa bandeji, hakuna aliyeambiwa kafanyiwa nini. Baada ya mwaka wote sawa. SAWA. Kilichowaponya walio chanjwa ngozi ni nini, kama si muda na misuli?

Imarisha paja, mkuu. Miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, si ya kunyoosha mguu ukiangalia taarifa ya habari.

#13 Fundi Shokapu

Kwa hiyo mtu analazwa, anachomwa ganzi, anachanjwa, anaamka anashukuru, kumbe hakuna kilichoguswa? Huku kwetu mteja akigundua hivyo anakuvunjia kioo.

#14 dr_nusukaputi

Fizio, rekebisha kidogo. Hawakuchanjwa ngozi tu. Wote 146 waliingizwa kamera kwanza, goti likakaguliwa na kuoshwa kwa maji, ndipo bahasha ikafunguliwa: huyu akatwe, huyu igizeni. Kwa walioigiziwa waliomba vifaa na kupiga kelele zile zile ili mgonjwa asishtuke.

Kubwa zaidi: utafiti ule uliwahusu watu ambao meniskasi imechakaa taratibu. Waliochanika kwa ajali ya wazi waliachwa nje, na waliokwama goti waliachwa nje. Winga kasikia "tak" uwanjani. Huwezi kumvalisha shati la watu wengine.

#15 Fizio wa Mtaa

Nakubali hilo la kamera. Ila kuna Wadenmaki pia, 2022, vijana 121 wa miaka 18 hadi 40. Upasuaji dhidi ya mazoezi na elimu. Baada ya mwaka hakuna tofauti ya maana. Hao ni vijana, si wazee waliochakaa.

#16 Mwana wa Kilosa

Na robo ya waliopewa mazoezi waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka huo huo. Usiifiche hiyo, mkuu.

#17 Fizio wa Mtaa

Siifichi. Robo tatu hawakupasuliwa, hiyo nayo usiifiche.

#18 Shemeji Original

Ngoja nielewe. Wafini 35 hadi 65 lakini wasiwe wameumia uwanjani. Wadenmaki 18 hadi 40. Winga ana 41 na kaumia uwanjani. Jamaa kakosa tafiti zote mbili, moja kwa mwaka mmoja tu. Ungewahi kuumia Desemba mkuu.

#19 Winga wa Tabata

Nacheka ila goti linauma. Asanteni wote, nasoma kila neno.

#20 Mama Kayla

Niongezee la mama yangu mkubwa, maana mnaongelea wanaume wa mpira tu.

Ana miaka 54. Alikuwa amechuchumaa anafua, akainuka na beseni, akasikia mlio nyuma ya goti. Hakuanguka, hakugongwa. Toka siku hiyo kutembea shida, usiku analala na mto katikati ya miguu. Hospitali ya kwanza: "ni uzee mama, punguza uzito." Ya pili: sindano ya steroidi gotini, nafuu wiki tano, ikarudi. Mwaka ukapita. Ya tatu ndiyo ikampiga MRI, wakasema MZIZI wa meniskasi umeng'oka. Kumbe meniskasi imefungwa mfupani kwa mizizi yake, ukikatika yote inateleza pembeni haifanyi kazi tena, ni sawa na aliyetolewa kama Beki hapo juu.

Daktari akasema angefika mapema wangetoboa kitundu kwenye mfupa wa muundi, wakavuta uzi wakaurudisha mzizi mahali pake. Sasa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, limeshalika. Anatumia mkongojo na dawa.

Fizio, huyu naye angeambiwa aimarishe paja?

#21 Fizio wa Mtaa

Dada, hapana. Mzizi uliong'oka kwa mtu ambaye gegedu lake bado zima, hata mimi namwandikia barua aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Umenipata.

#22 Bin Said wa Muscat

Assalam alaykum. Mdogo wangu huku Muscat alikatwa meniskasi ya NJE akiwa na miaka 24, sehemu kubwa. Mwaka wa tatu goti likaanza kujaa maji, tunalitoa kwa sindano, linajaa. Tukampeleka India, wakatuambia gegedu la upande wa nje limekwisha, wakatutajia kupandikiza meniskasi ya maiti. Mama alikataa katakata. "Sitaki mwanangu asali na goti la marehemu."

#23 Chuma cha Pua

Meniskasi ya maiti??? Na kama marehemu alikuwa golikipa, mshambuliaji si ataanza kudaka?

#24 dr_nusukaputi

Ipo kweli, tangu 1984, ilianza Ujerumani. Ila inafanyiwa watu wachache, vijana waliokwishapoteza meniskasi na bado gegedu lao linavumilia.

Kilichomkuta mdogo wa Bin Said kina maelezo. Ya nje ikipotea goti huharibika haraka kuliko ya ndani, maana upande wa nje mfupa wa muundi umebinuka kidogo na uzito mwingi unabebwa na meniskasi yenyewe. Winga, yako ni ya ndani. Hilo ni afadhali, si ruhusa ya kukata hovyo.

#25 Bibi Mrembo wa Pangani

Wanangu, sisi huku mtu akiteguka goti anaitwa mkandaji. Maji ya moto, mafuta ya nyonyo, siku saba. Kaka yangu alikwama goti likakataa kunyooka, mzee akalishika akalivuta mara moja, likaachia, akatembea.

#26 dr_nusukaputi

Bibi shikamoo. Nyonyo sina ugomvi nayo. Ila goti lililokataa kunyooka lisivutwe. Mara nyingi meniskasi imepasuka kwa urefu, kipande kimejikunja katikati ya goti kama mshikio wa ndoo. Kikirudi chenyewe, bahati. Ukilazimisha unaweza kukikata kipande ambacho kingeshonwa.

Hii inanikumbusha. Winga, goti lako LINAKWAMA? Si lile la kukaa kwenye daladala saa moja ukishuka liko gumu. Nauliza kukwama kwa kweli, mguu umekunjwa, unataka kunyoosha, haunyooki.

#27 Winga wa Tabata

Daktari, nilidhani nimeandika. Ndiyo. Mara tatu hadi sasa. Ya mwisho juzi Buguruni, nashuka kwenye kirikuu na kreti, goti likagoma katikati. Nikaweka kreti chini, nikakaa juu yake, nikawa nautikisa mguu pole pole kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Dakika kumi hivi, "kluk", ukanyooka. Wateja wakadhani nawaigizia.

#28 Fizio wa Mtaa

Mkuu! Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza. Nayarudisha nusu ya maneno yangu. Goti linalokwama hivyo mazoezi hayawezi kulitoa kipande kilichoingia mlangoni.

#29 Beki Mstaafu

Tumebishana kurasa nzima, kumbe mgonjwa kakalia kreti Buguruni.

#30 Mwana wa Kilosa

Na je, miezi mitatu imepita, bado inashoneka? Nilisikia inatakiwa ndani ya wiki chache.

#31 dr_nusukaputi

Mapema ni bora, lakini mlango haujafungwa. Mpasuko wa wima karibu na ukingo, hata ukiwa wa miezi, wapo wanaoushona. Tatizo ni kwamba kila ukikwama kile kipande kinasagwa. Kreti ya Buguruni huenda imekula milimita kadhaa. Kuhusu umri, zamani waliopita 40 walikuwa hawashonwi, siku hizi wengi wanaangalia hali ya meniskasi yenyewe kuliko cheti cha kuzaliwa. Nasema wengi, si wote, na huenda daktari wako wa kwanza ni wa shule ile ya zamani.

Au huenda ana macho mazuri kuliko sisi. Yeye kaiona picha.

#32 Fundi Shokapu

Swali la kifundi. Huo uzi wanashonaje mule ndani kwenye nafasi finyu vile?

#33 dr_nusukaputi

Kuna njia tatu. Sindano ndefu kutoka ndani kwenda nje, halafu wanakuchana kidogo pembeni wafunge fundo. Kutoka nje kwenda ndani, nzuri kwa pembe ya mbele. Na ya tatu yote ndani kwa ndani, kwa kifaa kama bastola kinachoacha vinanga vidogo nyuma ya meniskasi na uzi unajikaza. Hii ya tatu ni rahisi kwa pembe ya nyuma, ila kila kinanga kina bei yake, na hapo ndipo bili inapopanda. Uliza mapema vinahesabiwa vingapi na nani analipa.

Na usidhani ni ufundi wa juzi. Annandale wa Edinburgh alishona meniskasi ya mchimba madini mwaka 1883, bila kamera.

#34 Msee wa Likoni

Hio ya bei nithibitishe. Bima yangu ililipa "upasuaji wa goti", vile vinanga wakasema ni vifaa, havimo. Nikaletewa bili ya vifaa nikiwa bado miguu haina hisia. Hata kukimbia singeweza.

#35 Mama Kayla

😂😂 Wanajua muda wa kukuletea.

#36 Mzee wa Swala Tano

Nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Aliyeshonwa anachuchumaaje? Na sijda?

#37 Fizio wa Mtaa

Hachuchumai. Wiki nne hadi sita za mwanzo goti halipindwi kupita nyuzi 90, na kuchuchumaa kabisa huwa tunakataza hadi mwezi wa nne. Ukikunja sana, pembe ya nyuma inabanwa, na ndipo utakapokuwa uzi wa kushonea wa Winga, kama atashonwa. Swala ni juu ya kiti.

Choo ndicho kinachowaangusha watu wetu. Karatasi ya maelekezo imeandikwa kana kwamba kila nyumba ina choo cha kukaa.

#38 Winga wa Tabata

Mimi nimepanga, choo ni cha kuchuchumaa, tunashare vyumba vinne. Daktari wa pili hakuniuliza hata.

#39 Msee wa Likoni

Nunua kiti cha plastiki, kile cha sherehe. Kata tundu katikati, weka juu ya choo. Mimi nilikata kwa kisu kilichopashwa moto, nikalainisha ukingo kwa msasa. Usiruke hatua ya msasa.

#40 Shemeji Original

Uzi ulianza na Djokovic, umefika chooni. Hii ndiyo jukwaa ninayoijua.

#41 Beki Mstaafu

Cheka tu. Mimi nilikatwa yote nikachuchumaa wiki ya pili, raha mustarehe. Winga akishonwa atakaa kwenye kiti chenye tundu miezi minne. Ila akifika umri wangu huenda bado anachuchumaa, mimi nina miaka saba sijaweza.

#42 Msee wa Likoni

Ama ashonwe, akimbilie feri, na akose yote. Mzee usinisahau.

#43 Chuma cha Pua

Mrejesho vipi, Winga? Wiki mbili kimya.

#44 Winga wa Tabata

Wakuu samahani, nilikuwa nafukuzia hela.

Nimekwenda kwa daktari wa tatu. Nilibeba ile CD kwenye bahasha ya kaki, kompyuta yake haina pa kuingizia CD. Tukahangaika, mwisho kijana wa mapokezi akaleta laptopu yake ya zamani, ina stika ya Simba, ikasoma. Daktari akaangalia kimya muda mrefu. Nikamweleza la kreti. Akanilaza, akakunja goti, akalizungusha huku kidole chake kiko kwenye mstari wa goti upande wa ndani. Nikaruka. Akasema, "Nimekipata."

Nikamuuliza kama nilivyojiandikia kutoka humu: uko umbali gani kutoka ukingoni, utashona au utakata, vinanga vingapi. Akacheka, akauliza nimesomea wapi. Akasema kwa picha anaona inashoneka, lakini hatoi ahadi. Atajua akishaingia na kuigusa kwa kindoano. Ikiwa nzuri atashona, ikiwa imesagika atakata kile kilichokufa tu, aache kilicho hai. Akaniletea fomu ya ridhaa, imeandikwa zote mbili. Kwa hiyo nitalala sijui kama nitaamka na mwezi mmoja au miezi sita.

Nimesaini. Ni Alhamisi ijayo, ganzi ya mgongo. Kirikuu nimemkabidhi shemeji yangu wa kweli, si huyu wa humu.

#45 Fundi Shokapu

Kusaini gari liingie gereji bila kujua linabadilishwa nini! Mimi nisingekubali.

#46 dr_nusukaputi

Fundi, ukifungua injini ndipo unapokuta. Usitudanganye.

Winga, ganzi ya mgongo utakuwa macho. Omba wakugeuzie skrini kama moyo unahimili. Wengi wanaomba, nusu yao wanafumba macho.

#47 Fizio wa Mtaa

Anza mazoezi ya paja leo, usisubiri Alhamisi. Vyovyote utakavyoamka, utalihitaji.

#48 Winga wa Tabata

Nimeanza. Swali la mwisho kwa Msee: kile kiti, cha mikono au kisicho na mikono?

#49 Msee wa Likoni

Cha mikono. Utainukaje?

#50 Winga wa Tabata

Na nikiamka nimekatwa tu, kiti nakifanyia nini?

#51 Mama Kayla

Niletee mimi, mama mkubwa anakihitaji.